Nilipoitia Mkasi Leso ya Nyanya

Maneno haya niliyasema mbele ya mafundi cherehani na kina mama, katika ukumbi mdogo hapa Mji wa Kale, Mombasa. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyatoa, nikapunguza tu pale niliporudia na pale nilipokohoa.

Assalam alaykum. Wazee wangu mlio safu ya mbele, shikamooni. Mafundi wenzangu, dada zangu, na nyinyi mabanati mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, hamjambo nyote.

Nimeombwa niseme habari za mfarishi. Vijana wengi hawalitumii tena neno hilo. Wakiuona dukani huuita kwilti. Ni kile kitu cha tabaka tatu: uso wa viraka, kati pamba, mgongo nguo ya kawaida, halafu mishono inayopenya tabaka zote ili zisiachane. Watu wa nchi za baridi hujifunika. Sisi wa Mombasa, nani atajifunika mfarishi mwezi wa pili, joto la kaskazi limetuama na stima zimepotea? Kwa hivyo wangu mimi hutundikwa ukutani ukatazamwa. Ndiyo maana watu huuita wa sanaa, na mimi sijapata sababu bora kuliko hiyo.

Lakini sianzi na mfarishi. Naanza na ugomvi.

Nyanya yangu alipofariki, kasha lake lilikaa miaka tisa halijaguswa. Kila Idi tulisema tutalifungua, na kila Idi ikapita. Siku tulipolifungua, chini kabisa tulikuta leso moja. Si jozi, moja. Pacha yake, shangazi asema, ndiyo iliyombeba yeye mgongoni mpaka ikaisha. Hii ilinunuliwa kabla ya Uhuru. Mji wake, yaani uwanja wa katikati, ni wa rangi ya chungwa, ndani yake korosho nne kubwa nyekundu, pindo jeusi lenye vidoto vyeupe, na jina, yaani msemo wake, kwa herufi nyeusi: WEMA HAUOZI.

Nikaiinua dirishani. Mwanga ukapita kama kwenye chandarua. Rangi ya chungwa ilikuwa nzima, korosho ziling'aa, lakini kila palipokuwa na weusi palikuwa pamekuwa wavu. Na jina, kwa kuwa nalo lilikuwa jeusi, lilikuwa limeliwa mwishoni. Lilisomeka WEMA HAUO, kisha tundu.

Mnacheka. Na sisi tulicheka siku ile, mamangu akalia papo hapo, yote mawili kwa pamoja.

Nikasema, hii nitaishona mfarishi. Shangazi akanitazama kama aliyetiwa chumvi kidondani. "Wewe wataka kutia mkasi leso ya marehemu?" Miezi miwili hakunipigia simu. Akipita kibarazani kwangu alimwamkia fundi wa pili, mimi akaniruka kama dimbwi.

Sikumlaumu. Kitu cha marehemu hutunzwa, hakikatwi. Hayo ndiyo tuliyolelewa nayo. Swali langu lilikuwa moja tu: kinatunzwa wapi? Kasha letu la Mombasa mnalijua. Hewa ya bahari yaingia na unyevu wake, mende hawaombi ruhusa, na nguo ikikunjwa miaka kwa mikunjo ile ile, nyuzi hukatika palepale penye mkunjo bila ya mtu kuigusa. Mbao zenyewe hutoa asidi na kuitia doa la manjano. Tunaweka nafthalini, tunafukiza udi, tunafunga kufuli, tunaondoka tukidhani tumehifadhi. Kasha haliiokoi nguo. Laichelewesha tu kuoza.

Na jambo la pili ambalo sikuwa na ujasiri wa kumwambia shangazi siku ile, leo namwambia kwa kipaza sauti, maana yuko safu ya pili: leso yenyewe ilizaliwa ikiwa viraka. Neno leso tulilipata kwa Wareno, kwao ni kitambaa cha mkononi, cha kufutia jasho. Katika karne ya 19, husimuliwa kwamba wanawake wa pwani hii walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado vimeshikana kwenye gora, wakakata vipande vya vitatu vitatu, wakashona safu mbili pamoja: sita, ikawa nguo ya kujifunga. Wenye maduka walipoona biashara iko huko, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mtindo huo. Kwa hivyo mwanamke wa kwanza kuvaa leso alikuwa na mkasi mkononi. Majina yalikuja baadaye. Duka la Kaderdina Hajee Essak pale Biashara Street, ambalo sote twalijua kwa "Mali ya Abdulla", liko tangu 1887, na wao ndio hutajwa kuwa waliotia maneno kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, ndipo zikaja hizi za Kirumi.

Nguo yetu nyingine ina hadithi ndefu kuliko hiyo. Marekani. Siyo nchi, nguo. Ile pamba ghafi ya rangi ya krimu ambayo mafundi tunaitumia kujaribia vipimo. Iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka huko kweli. Mwaka 1833 Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na serikali ya Marekani, na baada ya hapo meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinashusha Unguja marobota ya nguo iliyofumwa kwenye viwanda vya jimbo lile, ikasambaa pwani nzima. Pamba yenyewe ilichumwa kusini mwa nchi hiyo, mashambani, na watu weusi waliokuwa watumwa. Kila nikikata marekani kwa ajili ya mgongo wa mfarishi hunijia hilo.

Maana baadhi ya watu wale wale, kwa mabaki ya pamba ile ile, ndio walioshona mifarishi ambayo leo imo kwenye majumba ya makumbusho. Harriet Powers alizaliwa mtumwa huko Georgia mwaka 1837. Hakushona miraba. Alikata watu, wanyama, jua na nyota, akavipachika juu ya nguo vikasimulia visa vya Biblia. Mfarishi wake mmoja ulionyeshwa mwaka 1886. Mwanamke mmoja mzungu akautaka, Bi Harriet akakataa. Baadaye shida zilipombana akauuza. Alitaka dola 10, akapewa 5. Kisha akawa anarudi nyumbani kwa yule mnunuzi kwenda kuutazama. Fundi yeyote aliyewahi kuuza kazi aliyoipenda anaijua njia hiyo ya kurudi. Leo mfarishi huo uko makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Na yuko Missouri Pettway, wa Gee's Bend, Alabama. Mwaka 1942 alikuwa amefiwa na mumewe. Alichukua nguo zake za shamba, suruali zilizopauka magotini na mashati yaliyoiva kwa jua, akazikata, akashona mfarishi ili amkumbuke na ajifunike. Hebu fikirini: magoti ya suruali yana rangi moja, mifuko iliyotolewa imeacha kivuli chenye rangi nyingine. Hakuficha. Kivuli cha mfuko ndicho mume mwenyewe. Nilipoiona picha ya kazi ile ndipo nilipojua nitamjibu nini shangazi, ingawa jibu lenyewe lilinichukua miezi.

Wenye majumba ya sanaa walichelewa kuyaona haya. Whitney Museum ya New York ilitundika mifarishi ukutani kama picha za rangi mwaka 1971, na dunia ikashangaa, kana kwamba haikuwa imelalia sanaa miaka yote hiyo. Akaja msanii Faith Ringgold wa Harlem, aliyefariki 2024, yeye akaandika kabisa hadithi kwenye nguo, mistari na mistari ya maneno ikiizunguka picha. Wakosoaji waliona jambo jipya. Mtu wa Mombasa angemwambia, mwanangu, hilo ni jina la leso, umelirefusha tu.

Lakini walio karibu nasi zaidi wako ng'ambo ya pili ya bahari hii hii. Kule Karnataka, India, wako Wasidi, watu ambao mababu zao walitolewa upande wetu huu wa Afrika, wengi wao kama watumwa. Wanawake wao hushona mfarishi unaoitwa kawandi. Hawachori, hawapimi. Hutandaza sari kuukuu iwe mgongo, huanza pembeni, kiraka juu ya kiraka, mshono unazunguka kando kando ukiingia ndani mpaka unafika katikati. Kwenye pembe nne hushonea vikunjo vidogo vya pembetatu, viitwavyo phula, yaani maua, na bila ya hivyo kazi huonekana haijakamilika. Sina haki ya kusema walitoka na ufundi huo kwetu. Wahenga wao walifika India mikono mitupu. Lakini nikiona kazi inayoanza na pindo ndipo ikaenda mjini, naona jamaa zangu.

Haya, sasa kazi yenyewe. Mafundi naona mmeanza kupepesuka.

Kwanza, usiioshe nguo ya zamani kwa pupa. Chukua kipande cha pamba nyeupe, kiloweshe, kibonyeze juu ya kila rangi, moja moja, upande wa ndani pasipoonekana. Ikitoka rangi, acha, hiyo haioshwi. Ya nyanya haikutoka. Hapo nikaiweka juu ya chandarua nilichokivuta kwenye fremu ya mbao, nikaizamisha beseni pamoja na chandarua chake, maana nguo kuukuu ikinyanyuliwa ikiwa imelowa hujikata kwa uzito wake mwenyewe. Maji ya kisima cha mtaani sikuyatumia, yana chumvi. Nilikinga ya mvua. Sabuni kidogo, ile laini ya mtoto. Haisuguliwi, haikamuliwi, unaipapasa tu kwa kiganja. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi. Nikabadilisha mara nne. Kisha kivulini, imelala bapa juu ya taulo, mbali na jua.

Na hapo nilipoteza kitu ambacho hakuna aliyenionya. Harufu. Leso ile ilikuwa ingali na udi, na nyuma ya udi harufu nyembamba ya asumini, na nyuma yake kitu ambacho ni nyanya tu. Baada ya kuosha ilinuka maji. Ningelijua, ningeikata ncha moja ya pindo kabla ya kuosha nikaiweka chupani. Msiniulize kama ni busara, fanyeni.

Kuhusu ule weusi ulioliwa: si nondo. Nguo nyingi za zamani, rangi nyeusi na kahawia zilitiwa kwa dawa zenye chuma, au kwa njia zenye asidi kali, na dawa hizo huendelea kuila pamba polepole miaka baada ya nguo kutoka kiwandani. Ndiyo maana utaona nguo nzima imesimama isipokuwa maua meusi yamekuwa mashimo. Hakuna mshono utakaozuia hilo. Waweza tu kuipa egemeo. Nilikata bafta nyepesi, nikaitandaza nyuma ya leso, nikaishikiza kwa mishono midogo ya mkono. Kile kitambaa cha gundi tunachopigia pasi kwenye kola za shati sikukitumia, na nawaomba msikitumie. Gundi haitoki tena, na ikizeeka hukakamaa na kugeuka rangi. Mshono wa mkono, mjukuu wangu akiona nimekosea ataufumua kwa dakika kumi.

Uzi nao uwe wa pamba. Hapa mafundi wenzangu watabisha, kwa kuwa uzi wa nailoni haukatiki. Sawasawa, haukatiki, utaikata nguo. Kwenye kazi kuukuu uzi uwe dhaifu kuliko nguo, ili siku ya mvutano ukatike wenyewe. Sindano nyembamba kabisa mnayoweza kuitunga bila kumwita mtoto.

Sasa mkasi.

Nakiri kwenu kosa. Kabla ya leso ya nyanya nilijaribu kwa leso nyingine kuukuu, niliyoipata kwenye mitumba Kongowea. Nilifuata vielelezo vya kigeni: miraba ya inchi nne, yote sawa, ikapangwa kama vigae. Ilitoka safi. Kila kona ilikutana na mwenzake. Na ilikuwa haina maana. Korosho ilikuwa imekatwa mara tisa ikawa madoa, jina likawa herufi zilizozagaa, moja imepinduka. Watu waliisifu rangi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, hii ilikuwa leso gani? Nilikuwa nimeichinja.

Ya nyanya niliitandaza mezani juu ya marekani, nikaizunguka siku mbili bila kuikata. Nilikuwa natafuta mahali ambapo mkasi hauna haja ya kufika, na nilikuta ni pengi. Mji mzima sikuugusa. Korosho nne zimekaa vile vile alivyozifunga kiunoni. Ile njia ya chungwa iliyopauka, hapo alipokuwa akikaza fundo, niliiacha iwe katikati kabisa. Kumbukeni kivuli cha mfuko cha Missouri Pettway. Kuna pia alama ya pasi ya makaa, umbo la ncha ya pasi, kahawia. Fundi mmoja aliniambia niishonee ua juu yake. Hapana. Nimeizungushia mshono kwa uzi mwekundu.

Nilichokata ni pindo peke yake, maana lilikuwa limekwisha kujikata. Mahali pake nilitia pindo jipya kutoka buibui lake la kamba, jeusi kwa jeusi, na kwenye pembe nne nikaweka vikunjo vya kikoi cha babu, kama phula za Wasidi. Pamba ya katikati haikuwa sufi. Usufi wa mito yetu ni mtamu kulalia, lakini ndani ya mfarishi hukusanyika mabonge. Nilitumia blanketi jembamba la pamba, kuukuu vile vile. Nikapiga bandi, ile mishono ya muda, nguo nzima, kuanzia katikati kwenda nje ili isije ikajaa mikunjo, kisha ndipo nikaanza mishono ya kweli: sindano inaingia, inatoka, inafuata mzunguko wa korosho, mzunguko ndani ya mzunguko, kama mawimbi. Miezi mitatu, jioni jioni baada ya Isha. Subana ilinitoboka.

Likabaki jina.

Vile vipande vya herufi vilivyosalia nilivihamisha kwa kibanzi, mithili ya mtu anayegeuza chapati nyembamba, nikavilaza juu ya utepe wa marekani, nikavishikiza. WEMA HAUO. Watu wakaanza kunishauri. Mmoja alisema niandike zile herufi mbili kwa rangi ya kitambaa. Mwingine alisema nizidarizi kwa uzi mweusi, hakuna atakayejua. Binti yangu alisema niache tundu, ndiyo kweli yenyewe.

Nilifanya jambo la kati. Nilizichora Z na I kwa mshono wa uzi wa krimu juu ya marekani ile ile ya krimu, hakuna wino. Ukisimama mbele, taa ikiwa juu, huoni kitu. Waona tu kwamba maneno yamekatika. Lakini pamba iliyo chini huinua nguo kandokando ya mshono. Mwanga ukija kwa ubavu, kama ule wa dirishani saa kumi na moja jioni, herufi mbili hupata kivuli.

Nilimwita shangazi. Alikuja, kwa kuwa mamangu alimlazimisha. Aliketi, akanywa chai, hakuusemea neno. Jioni ikaingia. Akasimama kuaga, akapita karibu na ukuta, nikaona amesimama. Akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya ile nafasi tupu, taratibu, akarudia. Kisha akasema, "Pasi hii nakumbuka aliyeiunguza. Ni mimi." Na akaenda zake.

Bado hajakubali, niwaambie ukweli. Ametuma tu salamu kwamba leso zake mwenyewe nisizitazame mpaka azikwe.

Mfarishi nimeuleta, uko pale kushoto mlangoni, nimeutundika kwa ufito uliopita kwenye mfuko wa nyuma ili uzito ugawanyike, na nimeuweka mbali na jua la dirisha kubwa. Ruhusa kuugusa, maana nguo isiyoguswa haisomeki. Lakini nimeona sinia za mahamri na mbaazi zikipita huko nyuma, kwa hivyo naomba kwanza mikono ioshwe. Shangazi, wewe hukuombwa, pita tu.